Masweta Yangu na Joto la Dunia

Jumatatu, 8 Julai

Baridi. Baridi ya kweli, ya kumfanya mtu avae soksi kitandani. Nimefurahi sana.

Nifafanue, maana hata shajara inaweza kunielewa vibaya. Mimi ni mfumaji wa masweta. Nina mashine mbili, chumba kimoja cha kupanga, na mteja mmoja wa maana: shule ya msingi ya hapa jirani, anakosoma binti yangu Kidoti. Kila mwanafunzi lazima awe na sweta la kijani lenye mistari ya njano shingoni. Kila sweta limetoka mikononi mwangu. Nyumba hii inakula sweta na kulala sweta.

Jana mwalimu mkuu kaandika kwenye kundi la wazazi la simu. Anapendekeza sweta liondolewe kwenye sare. Anasema miaka inavyokwenda madarasa yanazidi kuwa na joto, watoto wanasinzia mchana, na sababu ni mabadiliko ya tabianchi. Badala ya sweta, shati jepesi la mikono mifupi. Wazazi watapiga kura Jumamosi.

Na mashati ya mikono mifupi hapa anashona nani? Shemeji. Dada mkubwa wa mke wangu. Chumba chake cha kazi kinatazamana na changu, ng'ambo ya korido. Leo asubuhi kanisalimia kwa uchangamfu usio wa kawaida. Nimeuweka moyoni.

Nikaamua kuanza mapema. Nikatoka uani kupiga picha ya mvuke unaonitoka kinywani, ili wazazi waone baridi kwa macho yao. Mvuke ukawa hauonekani. Nikanywa chai ya moto, nikapuliza. Hakuna kitu. Mwishowe mke wangu akanishikia birika linalochemka nyuma ya sikio, huku akiuliza hii ndoa inaelekea wapi. Picha ikatoka safi kabisa. Chini yake nikaandika: hili ndilo joto la dunia wanalotuambia?

Vidole gumba vikamiminika. Baba Pacha, karani mmoja mwenye mapacha darasa la pili na majibu ya kila kitu, akaandika kwamba baridi ya asubuhi moja haisemi lolote kuhusu dunia. Nikamjibu kwamba mimi siishi dunia nzima, naishi hapa. Vidole gumba zaidi. Nimekula kwa hamu.

Jumanne, 9 Julai

Baba Pacha ametaka vipimo. Sawa. Vipimo atapata.

Nimeazima kipimajoto kwa muuza dawa, kile anachokiweka kwenye jokofu la dawa zake. Nimeahidi kukirudisha kabla ya chakula cha mchana. Nikakitundika mlangoni. Kikanisaliti. Nikakihamishia kivulini, kikanisaliti kidogo. Nikakiweka chini ya tangi la maji, nikasubiri nikiwa nimekikunjia uso. Bado kilikuwa upande wa mwalimu mkuu.

Ndipo likanijia wazo la bucha. Mwenye bucha ana chumba cha baridi huko nyuma. Kaniruhusu niingie kwa sharti nisiguse maini. Kipimajoto kikashuka vizuri, kikatulia kwenye nyuzi tatu. Nikapiga picha, nikaituma: kipimo cha mtaani kwetu asubuhi hii. Sikusema uongo. Bucha iko mtaani kwetu na ilikuwa asubuhi.

Baba Pacha akaikuza picha. Nyuma ya kipimajoto kulikuwa na mguu wa ng'ombe. Akauliza kama siku hizi mtaani kwetu ng'ombe wananing'inia hewani au na wao ni sehemu ya tabianchi. Kundi zima likavunjika mbavu. Mke wangu naye akaweka kikaragosi cha kucheka, na alikuwa amekaa pembeni yangu. Nilipomwangalia akasema alijizuia akashindwa.

Muuza dawa anadai kipimajoto chake kinanuka nyama. Mwenye bucha anafurahi, watu wameenda kuulizia ule mguu. Kila mtu kafaidika isipokuwa mimi na mwenye kipimajoto.

Jumatano, 10 Julai

Baridi bado ipo. Leo nimetumia akili badala ya vifaa.

Hoja ni hii. Idadi ya wanafunzi pale shuleni haijabadilika miaka mingi. Lakini kila mwaka nafuma masweta mengi kuliko mwaka uliopita. Kama dunia ingekuwa inapata joto, watu wangekuwa wananunua masweta machache. Wananunua mengi. Kwa hiyo dunia inapoa. Nimeiandika hivyohivyo, bila kutia chumvi.

Kundi likanyamaza. Huo ulikuwa ukimya wa watu walioshindwa. Nikachemsha chai, nikaongeza sukari.

Kisha mwalimu mkuu akatuma picha. Kabati la ofisini kwake, milango wazi, masweta yangu yamejaa hadi yanamwagika sakafuni. Akaeleza kwa upole. Alipoanza kazi akiwa mwalimu kijana, mtoto akivaa sweta asubuhi alirudi nalo nyumbani mwilini. Siku hizi kufika mapumziko ya kwanza wote wameshavua. Wanayasahau uwanjani, kwenye uzio, kwenye nguzo za goli. Wazazi wananunua mengine. Hilo kabati lilikuwa la vitabu.

Nikaitazama picha muda mrefu. Niliutambua mkono wa sweta moja ambapo mashine iliruka mshono mwaka ule mafuta yalipoisha. Iliniuma. Wazazi nao wakaanza kuuliza mmoja mmoja kama lao limo kabatini.

Shemeji akavuka korido na kikombe chake, akaegemea mlango wangu. Akasema kumbe miaka yote hii ni joto lililokuwa likinilisha. Nikamwambia hilo ni tusi. Akasema nisikilize vizuri, akawa anaongea polepole kama anavyoongea na mteja asiyejua kipimo cha kiuno chake. Alisema leo nimeamka nimenuna kwa sababu ya kabati, na hiyo ni hali yangu ya leo. Lakini mgeni akimuuliza mimi ni mtu wa namna gani, hatamwambia habari za leo, atamwambia nilivyoishi na mdogo wake miaka yote. Ya leo ndiyo hali ya hewa. Ya miaka yote ndiyo tabianchi.

Nikamuuliza huyo mgeni atamwambia nini hasa. Akasema tuyaache. Akaondoka na sukari yangu.

Alhamisi, 11 Julai

Jua. Tangu asubuhi, bila hata wingu la kusingizia. Mabati yanalia. Mafuta ya mashine yananuka. Nimefanya kazi kwa fulana.

Wazazi wameanza mapema. Mmoja katuma picha ya shati lililoloa mgongoni. Baba Pacha katuma kuku wake kivulini, wamepanua mabawa na midomo wazi. Wengine wakanitaja kwa jina la kazi yangu, wakauliza fundi wa mvuke yuko wapi leo.

Kwa bahati nzuri Shemeji alikuwa amenipa silaha bila kujua. Nikaandika hivi: ndugu wazazi, tusichanganye mambo. Joto la siku moja ni hali ya hewa tu. Baridi ya Jumatatu, Jumanne na Jumatano mfululizo, hiyo ndiyo tabianchi.

Nilimsomea mke wangu kabla ya kutuma. Akaomba nisome tena. Nikasoma. Akatoka kwenda kuanika nguo ambazo zilikuwa zimeshakauka.

Baba Pacha akasema maneno nimeyashika, ila nimeyavaa nje ndani. Nikamjibu kwamba sweta langu hata ukilivaa nje ndani linapendeza, ndio ubora wenyewe. Nikapata kidole gumba kimoja. Kimetoka kwa mzazi ambaye huweka kidole gumba kwa kila kitu, hata tangazo la msiba.

Hapa maneno yamefika mwisho. Unatakiwa ushahidi unaotembea. Kesho Kidoti atavaa sweta kutwa nzima. Mapumziko ya kwanza nitakwenda shuleni nimpige picha juani, anacheka, sweta liko mwilini. Nimemwambia asilivue mpaka nifike. Akauliza hata kama ni joto. Nikamwambia hili ni jambo la nyumba yetu, ajikaze kisabuni. Akaitikia kwa kichwa. Ni mtoto msikivu sana yule.

Ijumaa, 12 Julai

Jua kuliko jana.

Mapumziko ya kwanza sikwenda. Alikuja mteja kuchagua vifungo vya sweta la mkewe, akavipanga mezani kwa rangi, akavipanga tena kwa ukubwa. Nikasahau. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilisahau.

Mchana mwalimu mkuu akapiga simu. Hakuandika kwenye kundi, alipiga. Kidoti ameanguka mstarini.

Nilikimbia. Kandambili moja ilibaki barabarani, sikuigeukia. Nilimkuta amelazwa kwenye mkeka ofisini, mbele ya lile kabati, nywele zimelowa maji, mwalimu wake wa darasa anampepea kwa daftari. Midomo ilikuwa imekauka. Walimu walikuwa wamemwambia avue, na wakamwambia tena. Aliwajibu kwamba Baba hajafika bado.

Alipofungua macho akaniona, akaniomba samahani. Akasema amelivua sweta.

Nimekaa na kalamu muda mrefu baada ya sentensi hiyo. Niliogopa leo kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nikakaa sakafuni nikamshika mkono, na mwalimu mkuu akatoka nje na kutuachia ofisi.

Nilimbeba mpaka nyumbani. Ni mkubwa sasa, ni mzito, sikutaka kumshusha. Shemeji alitukuta mlangoni, akampokea, akamkorogea maji yenye chumvi na sukari, akamnywesha kidogo kidogo. Jioni mtoto alikuwa anaongea vizuri na kulalamika kuhusu masomo.

Mke wangu haongei na mimi. Chakula changu kimewekwa mezani. Kijiko hakikuwekwa. Sikukiomba.

Jumamosi, 13 Julai

Kidoti ameamka anataka yai. Nimemkaangia mimi mwenyewe. Limeungua pembeni na kalila lote.

Mkutano ulifanyika darasa la kwanza. Madawati ya watoto wadogo, magoti yamefika masikioni. Kila mtu alikuwa ameshasikia. Hakuna aliyenicheka, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Baba Pacha alinisogezea nafasi akaniuliza mtoto anaendeleaje, kwa sauti ya kawaida ya mzazi kwa mzazi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia kwa asubuhi nzima.

Mwalimu mkuu akasema kabla ya kura, kama fundi ana neno aseme. Nilikuwa na hotuba mfukoni. Ilikuwa ndefu, ina sehemu ya dunia kupoa na sehemu ya heshima ya sare. Nikasimama. Kupitia mlangoni nilimwona Kidoti uani, kakaa mapajani mwa mke wangu na chupa ya maji, kofia ya mama yake imemfunika hadi puani. Hotuba ikanitoka kichwani. Nikasema liondoeni. Nikakaa.

Wakapiga makofi. Tangu nianze kuhudhuria mikutano ya wazazi hakuna aliyewahi kunipigia makofi. Mikono yote ikainuka, na wangu ukiwemo. Imeamuliwa kwamba kuanzia muhula ujao sweta si sare tena. Anayeona baridi siku hiyo avae lake lolote.

Njiani mke wangu akaongea. Alisema nishike mfuko. Nikaushika.

Mchana nikaenda kukaa na mashine zangu. Uzi wa kijani bado umo kwenye sindano, sweta la mtoto wa darasa la tatu limefika kwapani. Sitalimalizia. Nikawaza kodi, nikawaza ada, nikawaza mikono hii itafanya nini kingine katika umri huu. Nililia kidogo. Mlango ulikuwa umefungwa.

Jumapili, 14 Julai

Shemeji kaja na mkoba. Nikadhani amekuja kunicheka, nikavaa uso wa kazi.

Hakuja kucheka. Alisema kazi ya mashati ni kubwa, hawezi kuifanya peke yake. Na shule inataka kila shati liwe na kola ya kufumwa kwa uzi mwembamba wa pamba, pamoja na fulana nyepesi za michezo. Mashine zangu zinaweza. Ameshaongea na mwalimu mkuu, naye kakubali. Nusu ya kazi itakuwa yangu, mwaka hadi mwaka, kwa sababu mashati ya watoto hayadumu. Kinachotakiwa ni mimi kusema ndiyo na kuanza kesho. Uzi huu hapa, mkoba mzima.

Nikamuuliza kwa nini ananisaidia. Akasema ni kwa ajili ya mdogo wake na Kidoti. Akaongeza kwamba mshono wangu umenyooka, hata kama kichwa hakijanyooka.

Nikasema ndiyo. Tukapeana mikono mbele ya mke wangu. Wakati wa kula mke wangu alicheka, na kijiko kilikuwepo. Sikujua kama nilikuwa nimeukumbuka hivyo ule mcheko wake.

Jioni nikajaribu kola ya kwanza. Nyepesi, imetulia, inakaa shingoni bila kukwaruza. Nimeridhika. Mtu lazima asome mwendo wa dunia na kwenda nao. Hali ya hewa ni ya leo, tabianchi ni ya miaka. Nimeielewa sasa mpaka ndani. Hata darasani naweza kuifundisha.

Jumatatu, 15 Julai

Baridi.

Si baridi ya kawaida. Ukungu umeshuka mpaka barabarani, na maji ya kunawa yanakata vidole. Nilibaki chini ya blanketi nikifikiri. Uamuzi ulikuwa umekamilika kabla ya chai.

Ni wazi kwamba tabianchi imegeuka. Miaka yote ile ya joto ambayo mwalimu mkuu aliisema ilikuwepo, sikatai. Lakini imekwisha. Kwa makadirio yangu imekwisha usiku wa kuamkia leo. Na kundi la wazazi halijashtuka. Wamepiga kura ya mashati mepesi wakati dunia inaingia kwenye baridi. Mwezi ujao watanijia wakibisha hodi, watoto wanatetemeka, na mfumaji wa pekee atakuwa anahangaika na kola za pamba? Hapana.

Nikavuka korido na mkoba wa uzi. Nikamweleza Shemeji kwa upole kwamba atafute mtu mwingine. Akanigusa paji la uso, akauliza kama naumwa. Nikamwambia sijawahi kuwa mzima hivi. Akaupokea mkoba. Akasema kuna mfumaji nyuma ya soko aliyekuwa ameiomba kazi hii, atampelekea asubuhi hii hii, na akishampa hatamnyang'anya. Nikasema sawa kabisa. Moyoni nilimwonea huruma huyo mfumaji.

Mke wangu aliposikia aliweka kikombe chini, akaangalia dari. Bado alikuwa anaiangalia nilipotoka.

Kidoti alikuwa mlangoni anamsubiri mama yake mkubwa ampeleke shule, yuko na shati tupu, kajikunyata. Nikamletea sweta. Akarudi nyuma hatua moja, mikono mgongoni. Nikamwambia haoni baridi hii? Akasema anaiona, ila ni ya leo tu. Kisha akamshika Shemeji mkono wakaenda zao.

Mtoto bado mdogo, hajui mambo.

Mchana akaja muuza sufu. Nimeagiza ile nzito kuliko zote, ya kutosha shule nzima na zaidi, na nimempa mashine yangu moja iwe dhamana. Yeye pia alikuwa amesikia habari za kura. Akashika daftari lake bila kuandika, akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwonyesha dirisha.